Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana na Desturi Zake

Somo la Majilio kwa walimu wa dini na kwa wasomaji wote. Soma kwanza: Luka 2:1–20, Warumi 14:5–6, Wakolosai 2:16–17.



Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha kuilowesha nchi, na milima ya Uluguru ikijifunika mawingu asubuhi, maswali yale yale huletwa kwa walimu wa dini hapa Kihonda. Kijana mmoja huuliza, Je, ni kweli Bwana Yesu alizaliwa tarehe 25 Desemba? Mwingine husema ya kuwa mti uliopambwa ni jambo la kipagani, yafaa utolewe kanisani. Na mama mmoja haulizi neno. Husema tu ya kuwa siku ile hatakuja ibadani, kwa sababu watoto wake hawana nguo mpya.

Maswali yale mawili ya kwanza watu huyabishania hata usiku. Neno la yule mama halina abishanaye nalo, walakini ndilo zito kupita yote. Maana ikiwa mzazi aona haya kumleta mtoto wake kuisikia habari ya Mtoto wa Bethlehemu, kwa ajili ya nguo, basi desturi imesimama mlangoni pa kanisa na kumzuia mtu asiingie. Kwa hiyo tuzitazame desturi hizi moja moja, tujue ilikotoka kila moja na wakati wake, ili tupate kupambanua mzizi na majani.

1. Siku yenyewe

Maandiko hayataji siku wala mwezi. Luka atuambia habari za mji, za hori, na za wachungaji waliokesha. Mathayo atuambia habari za nyota na mamajusi. Marko aanza na mahubiri ya Yohana Mbatizaji. Wakristo wa kwanza waliitunza Pasaka kuliko sikukuu zote. Karibu na mwaka 200 mwalimu Klementi wa Aleksandria, katika nchi ya Misri, aliandika ya kuwa wako watu wanaoitafuta siku aliyozaliwa Bwana, naye akataja siku mbalimbali walizozihesabu; tarehe 25 Desemba haikuwamo.

Habari ya kwanza ya tarehe hiyo tuliyo nayo yatoka Roma, katika kalenda iliyoandikwa mwaka 354. Nayo yaonyesha ya kuwa sikukuu ilikuwa imekwisha kushikwa huko tangu mwaka 336. Makanisa ya mashariki yalikuwa yakishika tarehe 6 Januari, siku ya Epifania. Mwaka 386 Yohana Krisostomo alihubiri katika Antiokia siku ya 25 Desemba, akawakumbusha watu ya kuwa siku hiyo haijatimiza miaka kumi tangu kujulikana kwao. Kanisa la Waarmenia hata leo hushika 6 Januari. Na ndugu zetu wa Ethiopia, ambao ni Wakristo wa Afrika wa tangu karne ya nne, husherehekea siku iangukayo 7 Januari kwa hesabu yetu, kwa kuwa kalenda yao ni nyingine.

Kwa nini Roma ilichagua 25 Desemba? Wataalamu wana maelezo mawili. Wengine wasema ya kuwa siku hiyo Warumi walikuwa wakilitukuza jua, maana huko kwao ndipo mchana unapoanza kurefuka tena baada ya kufupika. Wakristo wakaichukua, wakamtangaza Kristo kuwa ndiye Nuru ya kweli. Wengine wasema ya kuwa Wakristo wa zamani walidhani Bwana alichukuliwa mimba tarehe 25 Machi, siku ile ile waliyoihesabu kuwa ya kufa kwake. Nao wakahesabu miezi tisa, wakafika 25 Desemba. Huenda yote mawili yana sehemu yake.

Basi, mwalimu amjibu nini kijana? Amwambie kweli: siku hatuijui. Tena amwulize habari za wazee wa Uluguru. Wengi wao hawakuandikiwa tarehe. Waliambiwa tu, Ulizaliwa mwaka wa njaa fulani, au wakati wa vita. Lakini nani awezaye kumwambia babu yake ya kuwa hakuzaliwa, kwa sababu tarehe yake haijulikani? Kadhalika sisi hatuabudu tarehe. Twakumbuka tendo la Mungu, na Kanisa limetuwekea siku ili tulikumbuke pamoja.

2. Hori, zawadi, mti na mishumaa

Kwa miaka mingi sikukuu ilikuwa hasa ibada: kusoma, kuimba na kushiriki Meza ya Bwana. Mambo ya kutazamwa kwa macho yaliongezwa kidogo kidogo.

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi alitengeneza hori lenye majani makavu, akaleta na ng'ombe na punda, ibada ikafanyika hapo usiku. Watu wa kijiji kile wengi hawakujua kusoma. Fransisko alitaka wauone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana. Michezo ya watoto wetu, mmoja amevaa kama Mariamu na wengine wameshika fimbo za wachungaji, ni ya ukoo huo.

Martin Luther alipoyatengeneza mambo ya Kanisa hakuiondoa sikukuu hii. Aliipenda sana, akaihubiri mwaka kwa mwaka, akatunga na wimbo wa watoto uliochapwa mwaka 1535. Zamani zile watoto wa Ujerumani walipewa zawadi tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolao. Katika nyumba za Walutheri zawadi zikahamishwa polepole mpaka siku ya kuzaliwa kwa Bwana, ili watoto wajue ya kuwa mtoaji wa kila kipawa chema ni Kristo.

Na mti je? Mwaka 1605 mtu mmoja aliandika ya kuwa huko Strasbourg watu huweka nyumbani miti ya jamii ya msonobari, wakaitundikia maua ya karatasi na matofaa. Iko hadithi isemayo ya kuwa Luther ndiye wa kwanza kutia mishumaa juu ya mti, baada ya kuziona nyota zikimeta kati ya matawi. Ni hadithi nzuri, walakini haionekani katika maandiko ya wakati wake. Mwalimu asiifundishe kama habari ya hakika.

Taji la Majilio lenye mishumaa minne ni jambo jipya zaidi. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern alikuwa akiwalea watoto maskini katika nyumba aliyoianzisha. Watoto wakawa wakimwuliza kila siku, Je, sikukuu imekaribia? Akachukua gurudumu la gari, akasimamisha mishumaa mikubwa kwa Jumapili za Majilio na midogo kwa siku za katikati, wakawasha mmoja mmoja kila siku. Desturi hiyo basi haijatimiza miaka 200, nayo ilianza kwa watoto wasio na kitu. Tena wimbo wa usiku mtakatifu, uimbwao leo katika lugha nyingi za dunia, uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1818 katika kanisa la Oberndorf, kijiji cha Austria.

Wako Wakristo waliochukizwa na nyongeza hizi hata wakaikataza sikukuu yenyewe. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi. Na huko Massachusetts, Marekani, tangu 1659 hata 1681, aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Sababu yao ilikuwa kwamba Maandiko hayakuiamuru. Basi kijana asemaye vivyo hivyo katika Kihonda asidhani ya kuwa ni wa kwanza, wala mwalimu asimkaripie. Aonyeshwe tu njia waliyoishika baba zetu wa imani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 15, lafundisha ya kuwa taratibu na sikukuu zinazoweza kushikwa pasipo dhambi, zenye kuleta amani na utaratibu mwema, zishikwe. Walakini watu wasilemezwe dhamiri zao kana kwamba ni za lazima kwa wokovu. Na sehemu ya 7 yasema ya kuwa si lazima desturi za wanadamu ziwe namna moja kila mahali.

3. Jinsi sikukuu ilivyofika kwetu

Jina la sikukuu hii lilifika pwani ya kusini ya Afrika kabla ya Injili. Mwaka 1497, wakati wa Krismasi, merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani ya kusini, Wareno wakaiita nchi ile Natal, yaani Kuzaliwa. Mwezi wa Aprili 1498 wakafika Malindi. Walikuja na mizinga na kutafuta biashara, na watu wa pwani hawakuona ndani yake habari njema.

Miaka mingi ikapita. Katika mwezi wa Juni 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa amri ya Sultani Barghash, baada ya kushurutishwa na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa kubwa la Waanglikana likawekwa mahali pale pale palipokuwa soko. Na ibada ya kwanza ikafanyika humo siku ya Krismasi ya 1877. Kwa mapokeo ya watu wa mahali pale, madhabahu yasimama uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakipigwa. Na sisi wa Morogoro tusilisome jambo hili kama habari ya mbali. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapa chini ya Uluguru, kwenye mji wa Simbamwene; na katika njia hiyo walipitishwa watu wengi wenye minyororo shingoni. Krismasi ile ya Unguja ilisema wazi neno ambalo mti wala taji haliwezi kulisema: Mungu amekuja kwa walionunuliwa na kuuzwa.

Wajumbe wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887; wengine wakafika Usambara na nchi ya Konde mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa njia hiyo wakaja watu wa makabila mengi, wenye vitabu vyao vya nyimbo na desturi zao. Wajumbe walileta Injili, wakaleta pamoja nayo mambo ya nyumbani kwao. Wala si ajabu. Kwao Desemba ni mwezi wa theluji. Miti mingi imepukutika, na mti ulio kijani hata wakati huo ni ishara ya uzima. Jua huchwa mapema, na mshumaa ni faraja.

Kwetu Desemba ni mwezi wa majembe na mbegu, na jua li juu ya vichwa vyetu. Lakini tazama kando ya barabara zetu: uko mti uchanuao maua mekundu wakati huo huo, hata watu wakauita mkrismasi. Asili yake ni Bukini, kisiwa cha Madagaska. Nao hauhitaji kukatwa wala kutiwa pamba badala ya theluji. Usharika uwezao kuchukua tawi lake na kulipamba kanisa umefanya kama walivyofanya watu wa Strasbourg, yaani umetumia mti wa kwao.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia wajumbe Wajerumani waliondolewa katika nchi hii, mwaka 1920 wengi wao walikuwa wamekwisha kwenda. Sharika nyingi zikabaki mikononi mwa walimu na wazee. Sikukuu haikufa kwa kuondoka kwao, kwa kuwa Neno lilibaki, na wenye kulisoma walibaki. Jambo hili walimu wa dini wa leo walikumbuke kwa shukrani: waliowatangulia katika kazi ndio waliouhifadhi mzizi.

4. Desturi tulizoziongeza sisi

Sisi nasi tumeongeza. Pilau yetu ya Krismasi haikutoka Ulaya. Ni chakula cha Pwani, kilichokuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, nasi twakila pamoja na jirani zetu Waislamu, kama wanavyotukaribisha wakati wa Idi. Desturi ya nguo mpya nayo yafanana sana na ile ya Idi, na watoto wengi huomba mkono wa sikukuu kama wenzao wanavyoomba mkono wa Idi. Hapana ubaya katika kujifunza ukarimu kwa jirani.

Tena iko desturi ya kurudi nyumbani. Kihonda imejaa watu waliotoka pande zote, wengine kwa kazi za viwandani, wengine kwa biashara na masomo. Ifikapo Desemba, watu wa Kilimanjaro huyajaza mabasi. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inayosimama hapa Kihonda huwachukua wengine kwenda Dar es Salaam na Dodoma. Kumwona mama na kuyatengeneza makaburi ya wazee ni jambo jema. Walakini wako wanaokopa ili waonekane wamefanikiwa, na Januari, shule zinapofunguliwa, mtoto hana daftari.

Tarehe 26 Desemba, ambayo wengi huijua kama siku ya kupumzika tu, ni siku ya Stefano, shahidi wa kwanza. Na tarehe 28 ni ukumbusho wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Kanisa la zamani liliziweka siku hizi karibu na hori ili watu wasisahau ya kuwa Mtoto huyu alizaliwa katika dunia yenye mawe na upanga. Desturi hiyo sisi tumeiacha karibu kabisa, na yafaa irudishwe.

5. Kipimo cha desturi

Basi, kwa habari ya kila desturi, mwalimu aulize mambo matatu pamoja na usharika wake.

La kwanza: Je, yaonyesha habari ya Mtoto, au yaificha? Hori la Greccio liliionyesha.

La pili: Je, maskini aweza kuishika pasipo kuaibika? Taji la Wichern lilitengenezwa kwa gurudumu la gari.

La tatu: Tukiiacha mwaka mmoja, je, dhamiri zetu zitatuhukumu kana kwamba tumemwacha Kristo? Ikiwa ndiyo, desturi hiyo imekwisha kuwa bwana juu yetu, nayo imepita mpaka wake.

Kwa kipimo hiki mti waweza kukaa, na usipokuwapo hapana hasara. Pilau yaweza kuliwa kwa shukrani. Nguo mpya nazo si dhambi. Walakini pale nguo zinapomzuia mtoto asije, kipimo cha pili kimevunjika, na kulitengeneza jambo hilo ni kazi ya usharika wote, wala yule mama asiachiwe peke yake.

Nasi twaweza kulitengeneza. Wazee wa kanisa, walimu na wanakwaya na waanze wao, waje siku ile na nguo zao za kila Jumapili, zilizofuliwa vizuri. Na jambo hilo litangazwe tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, ili kila nyumba ijue. Katika zile Jumapili nne kiwekwe kikapu karibu na taji, kila mwenye nacho alete kibaba cha mchele au maharagwe, na wazee wapeleke kwa siri panapohitajiwa. Na katika juma la mwisho mwalimu apite katika nyumba ambazo hazikuonekana mwaka jana.

Tena akifika kwa yule mama, amsomee Luka 2:12. Malaika aliwapa wachungaji ishara ya kumtambua Mwokozi, nayo ilikuwa habari ya mavazi: mtoto aliyefungwa vitambaa tu, kama afungwavyo mtoto wa mtu ye yote, tena amelala mahali pa kulishia wanyama. Na wachungaji walioitwa kumwona walitoka malishoni usiku, na nguo zao za kazi, wakaja kwa haraka. Hakuna aliyewaambia warudi kwanza wakabadili. Kanisa lolote liadhimishalo usiku ule, na lisiloweza kumpokea mtoto mwenye nguo kuukuu, limeisahau ishara yenyewe.

Bwana awajalie Majilio mema, na awafikishe wote mlangoni pake, wenye nguo mpya na wenye kuukuu pamoja.

Maswali ya kujifunzia

1. Ni mambo gani ya kuzaliwa kwa Bwana yaliyoandikwa na Luka, na yapi yaliyoandikwa na Mathayo? Ni mambo gani tunayoyadhani yamo, na hayamo?

2. Kijana akisema, Biblia haikuamuru Krismasi, utamjibuje kwa Warumi 14:5–6?

3. Zitaje desturi tatu za sikukuu katika usharika wako. Zipime kwa maswali yale matatu.

4. Kwa nini jiwe la msingi kuwekwa Unguja siku ya Krismasi ya 1873 lilikuwa mahubiri?

5. Ni nyumba zipi katika mtaa wako ambazo hazikuja ibadani Krismasi iliyopita, na nani atakwenda kuzitazama kabla ya Jumapili ya nne?